Ugali wa Mwalimu Odongo na Ugali Wangu

Vijana wangu, kila mkija hapa mnaniuliza swali lile lile. Mnakuja na simu mkononi, mmetazama video mbili. Moja inasema nafaka isiyokobolewa ndiyo afya, nyingine inasema ukitaka kuishi acha ugali kabisa, ule samaki na mboga. Halafu mnanigeukia: "Mama Akinyi, wewe ulisaga unga miaka thelathini, tuambie nani anasema ukweli."

Haya, leo nitawaambia, na nitawaambia kwa furaha, kwa sababu ni jambo ambalo hata leo nikilikumbuka nainuka mwenyewe kitini! Lakini kwanza mjue mimi si daktari. Mimi ni mama wa posho mill. Ninachokijua nilikipata kwa masikio, kwa vidole, na kwa kukosea mbele za watu.

Nilizaliwa Mfangano, kisiwani, na niliolewa Migori. Mume wangu alipofariki nilitafuta kazi, na aliyenipa ni Mzee Swaleh, mtu wa Lamu aliyekuwa na duka la nafaka nyuma ya soko na mashine ya kusaga kando yake. Hiki Kiswahili changu mnachokishangaa ni chake. Nikisema "unga ingine" alikuwa anazima injini, ananiangalia, anangoja mpaka niseme "unga mwingine", ndipo anawasha tena. Wateja wamepanga foleni na yeye hana haraka!

Siku yangu ya pili kazini nilimwaga mahindi bila kuyapepeta. Ndani mlikuwa na boliti. Mashine ilipiga kelele kama inachinjwa, na chekeche likapasuka. Chekeche ni lile bati la matundu lililo ndani ya mashine, ambalo unga lazima upite ndipo utoke. Nilijua nimefukuzwa. Mzee Swaleh akatoa lile bati lililopasuka, akanionyesha.

"Mwanangu, umeliona hili? Nyundo zinavunja nafaka, lakini hili ndilo linaloamua unga uwe wa namna gani. Tundu dogo, unga laini kama poda. Tundu kubwa, unga wa chengachenga. Nafaka ni ile ile, unga si ule ule."

Nilidhani ananifundisha mashine tu.

Basi nikajifunza. Nilijua kwa kusikia kama mashine imeshiba au ina njaa. Nilisugua unga kati ya kidole gumba na cha shahada nikajua mahindi yalikaushwa siku ngapi. Mtama uliolowa nilikuwa naunusa kabla gunia halijafunguliwa. Na Mzee Swaleh alipozeeka akarudi kwao Lamu, nilikuwa nimeshaweka akiba ya kutosha, akaniuzia ile mashine.

Kisha ikaja mashine ya kukoboa, na watu wakapenda weupe kama waliorogwa! Mtu ana mahindi yake mazuri, anakuambia toa ganda lote, toa kiini chote, baki na wanga mweupe pe. Pumba tuliwauzia wafugaji. Kuku wa Migori miaka hiyo walikula vizuri kuliko wenye kuku. Nami nilikoboa, nisiwadanganye. Mteja akitaka mweupe unampa mweupe.

Lakini baada ya muda mrefu upepo ukageuka. Watu walianza kuja na karatasi za kliniki. Huyu ana presha, yule ana sukari, wameambiwa warudi kwenye wimbi na mtama. Mimi nilifurahi! Nilikuwa nimekulia kwenye ugali wa mtama, *kuon bel* kama tunavyouita, na moyoni sikuwahi kuupenda ule mweupe. Nikamtafuta fundi wa rangi, akaniandikia ukutani kwa herufi kubwa: UNGA MZIMA, MWILI MZIMA. Foleni ikafika barabarani. Nikawa mhubiri. Kila aliyekuja na debe lake alipata mahubiri kabla ya unga.

Mmoja wao alikuwa Mwalimu Odongo. Alifundisha hesabu maisha yake yote, akastaafu, mke wake ametangulia, akawa anaishi peke yake upande wa juu wa mji. Alikuwa anapita kwangu kila Jumatano, tunapiga porojo, anasahihisha chenji zangu. Jumatano moja alikuja, akaacha chenji bila kuihesabu.

"Mama Akinyi, wamenipima. Nina sukari."

"Yawa! Pole, Mwalimu. Ulikuwa unakula unga gani?"

"Ule mweupe."

"Basi ndio huo! Keti hapo."

Nikamchanganyia wimbi, mtama na muhogo mkavu. Nikafunga chekeche la tundu dogo kabisa, kwa sababu nilimhurumia, nilitaka umteleze kooni. Ukatoka laini kama hariri. Nikamkabidhi, nikamwambia maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Kula ushibe, Mwalimu. Huu si chakula, huu ni dawa."

Na mwalimu wa hesabu akiambiwa jambo na mtaalamu, hulifuata. Asubuhi vikombe viwili vikubwa vya uji. Mchana mlima wa ugali. Jioni mlima mwingine. Dawa za kliniki alikuwa anameza, ndiyo, lakini nani angezisikia chini ya mzigo ule?

Baada ya miezi miwili alikuja akichechemea. Kiatu kilikuwa kimemchubua kidole cha mguu na kidonda kilikataa kufunga. Kliniki walimwambia sukari imepanda kuliko mwanzo, na kwamba akiendelea hivyo mguu utakuwa mashakani. Aliniambia hayo bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Si ulisema ni dawa?" aliuliza tu.

Wikendi hiyo binti yake, Lilian, alifika kutoka Nairobi. Ni msichana mpole, lakini siku hiyo alikuja moja kwa moja mpaka kwenye mashine, mbele ya wateja.

"Auntie, nakuheshimu, na unajua. Lakini huo unga ni wanga. Wanga ni wanga, hata ukiupaka rangi ya kahawia. Baba hagusi tena ugali. Wala uji. Wala chapati. Samaki, mayai, mboga, avokado, basi."

"Mjaluo asiyekula ugali? Utamuua baba yako, Lilian."

"Wewe ndiye ulikuwa karibu kumuua."

Nilizima injini ili nimjibu vizuri, halafu nikaiwasha tena. Unga wangu ulipelekwa kwa kuku. Mimi na Mwalimu tukanuniana wiki tatu, Jumatano zikapita bila yeye.

Lakini habari zilinifikia, na ilinibidi nikubali. Alipungua. Alianza kutembea vizuri. Kile kidonda kikaanza kufunga! Samaki aina ya ngege wa kuchemsha, omena wale dagaa wa ziwani, mboga za osuga na *dek* iliyolala kwenye maziwa, na hakuna hata tonge. Lilian alikuwa na haki yake, jamani, na mimi nilikuwa nimekaa na rangi yangu ukutani.

Jumatano ya nne alitokea, karibu saa sita mchana. Amekuja kunionyesha mguu. Alisimama mlangoni akitabasamu, na nikaona shati lake limelowa jasho, mikono inatetemeka.

"Achieng'," aliniita.

Achieng' lilikuwa jina la marehemu mke wake.

Nilimshika, nikamkalisha kwenye gunia. Alikuwa anasema maneno yasiyoeleweka, anahesabu namba, anarudia. Nikafikiri ni jua. Mama mmoja kwenye foleni akasema ana njaa huyu, mpeni chai ya sukari. Mwingine akaruka: "Mgonjwa wa sukari umpe sukari? Mnataka kumzika?" Wakaanza kubishana juu ya kichwa chake, na mimi katikati, kikombe cha maji mkononi.

Nilimtuma mwendesha boda mpaka zahanati iliyo karibu. Alirudi amembeba Sista Nyaboke, nesi wa Kikisii ambaye nilikuwa namsagia wimbi. Hakusalimia mtu. Alimchoma Mwalimu kidole, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine kidogo, akasoma.

"Mbili nukta sita! Sukari imeshuka. Anaweza kumeza bado? Leteni maji ya sukari, upesi!"

Nilikimbia, vijana! Nilikuwa na mwili mkubwa kuliko huu, na nilikimbia mpaka kwa muuza chai nikapora bakuli lake la sukari. Tukakoroga, akanywa polepole huku Sista amemshika kidevu. Tukangoja. Soko zima lilikuwa limekuja kuangalia. Kisha Mwalimu akafumba macho, akafumbua, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa nini hamsagi?" akauliza.

Tulipiga vigelegele kama mtoto amezaliwa!

Sista Nyaboke hakupiga vigelegele. Aliketi karibu naye. "Mwalimu, chakula umekibadilisha lini?"

"Mwezi karibu."

"Na dawa je?"

"Dawa nameza zote. Mimi si mtoro."

"Kliniki walijua umeacha ugali?"

Mwalimu akatikisa kichwa.

"Unaona? Dawa zako zinasukuma sukari chini. Zilipimwa kwa mtu anayekula ugali. Umeondoa ugali, dawa zikabaki na nguvu zile zile, zikakusukuma mpaka shimoni. Ungekuja kwanza, daktari angezipunguza."

Wakaenda kliniki siku hiyo hiyo, na daktari akazipunguza. Kwa hiyo jambo la kwanza nawaambia, na mniahidi mtalishika: mzazi wako anayemeza dawa za sukari, usimbadilishie sahani kwa sababu ya video, wala kwa sababu ya mama wa posho mill. Kliniki kwanza.

Jioni hiyo Lilian alinipigia simu akilia. Nami nikalia. Kila mmoja alikuwa anataka kuomba msamaha kwanza.

Sasa ngoja niwafikishe pale ninapopapenda. Sista Nyaboke alituita sisi wawili, Mwalimu na mimi, akatuambia: "Nimechoka na ubishi wenu wa unga. Mwalimu ana kipimo nyumbani?"

Alikuwa nacho. Lilian alimnunulia, kikawekwa kabatini na plastiki yake.

"Basi pimeni. Kabla ya kula, na saa mbili baada ya kula. Mwili wake wenyewe utawaambia."

Mngemwona Mwalimu Odongo! Mtu aliyekuwa amekata tamaa alipata somo jipya. Alinunua daftari la mistari, akachora safu kwa rula. Kanuni yake ilikuwa moja: samaki yule yule, mboga ile ile, sahani ile ile, kinachobadilika ni ugali peke yake. Kila nilipokuwa na nafasi mchana nilifunga mashine nikaenda kupika mwenyewe, maana niliogopa ataiba nyongeza.

Tulianza na unga mweupe. Namba ikaruka. Nikacheka, nikamwambia si nilijua! Siku iliyofuata tukapika unga wangu, ule laini wa mchanganyiko, ule wa hariri. Saa mbili zikaisha. Akachoma kidole. Akasoma, akanisogezea kile kimashine.

Ilikuwa imeruka karibu sawa na ule mweupe.

"Kipimo chako kimeharibika," nikasema.

"Kesho tutarudia."

Tukarudia. Ikaruka tena. Uji wa wimbi, ule niliokuwa nauita maziwa ya wazee, uliirusha namba hata kuliko ugali. Nilirudi kazini nikakaa mbele ya mashine, sina raha. Nikachukua unga nikausugua kwa vidole, ukapotea kama poda. Hapo ndipo lile bati lililopasuka miaka yote hiyo iliyopita likanirudia kichwani. Nafaka ni ile ile, unga si ule ule! Nilikuwa nimechukua nafaka nzima nikaisaga mpaka tumbo likakosa kazi ya kufanya. Na juu yake nikaongeza muhogo, ambao ni wanga mtupu.

Nilifungua mashine, nikafunga chekeche la tundu kubwa, lile tulilosagia chakula cha kuku. Mtama peke yake. Ukatoka na chenga zake. Nikaupika ukawa mgumu, mweusi, wa kutafuna. Nikampimia Mwalimu kiasi cha ngumi yake, basi, na mboga nikajaza nusu ya sahani.

Saa mbili zikaisha. Akachoma. Namba ilipanda kidogo, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi akiwa na mzigo.

Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia!

Tukapima pia bila ugali kabisa, tukimpigia Lilian simu asikie. Ilipanda kidogo sana. Lilian akashangilia: "Mmeona? Mimi nimeshinda!"

"Umeshinda kwenye daftari," baba yake akamjibu. "Lakini kuna safu hujaiona. Siku nne nikikaa bila ugali, siku ya tano navamia mandazi. Nimeandika humu. Mandazi matano, Lilian."

Tukacheka wote watatu. Na hivyo Mwalimu akachagua: ngumi moja ya ugali wa mtama wa chenga, na sahani iliyobaki ni ya samaki na mboga. Sista akaona daftari, akampeleka kwa daktari, daktari akakubali.

Lakini mwalimu wa hesabu hatosheki. Akaniambia ili kazi ikamilike anahitaji mtu asiye na ugonjwa, alinganishe naye. Nikanyoosha kidole kwa kiburi. Mimi, mwenye nguvu za kunyanyua gunia! Nilikuwa sijala bado. Akanichoma, akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Turudie, Mama Akinyi. Nawa mikono, labda ni unga."

Nikanawa. Akarudia. Namba yangu kabla ya kula ilikuwa juu kuliko yake baada ya kula.

Kiu niliyokuwa nayo miaka miwili nilidhani ni vumbi la unga. Macho yaliyokuwa yanafifia nilidhani ni uzee. Nilirudi kwenye mashine, nikaingia nyuma ya magunia, nikalia peke yangu. Nilikuwa nimewahubiria watu wote wa Migori afya, na mwenyewe sikuwahi kupimwa hata mara moja.

Kliniki walithibitisha. Sasa ikawa zamu yangu ya daftari, na mwalimu wangu hakunihurumia. Na hapa ndipo mcheke: ule mtama wa chenga, ule niliougundua mimi, kwangu haukufaa! Ngumi moja ilimtosha Mwalimu, mimi namba iliruka. Nusu ngumi, ikaruka tena. Tukajaribu wiki mbili. Mwili wangu ulitaka kile alichokisema Lilian, samaki na mboga, na nafaka vijiko vichache tu. Daktari akaangalia, akasema nijaribu hivyo, nipimwe kila mara. Fikirini! Mimi niliyekula kwa jasho la ugali ndiye niliyeambiwa niuage.

Nilipokwenda Mfangano kumsalimia dada yangu nikakataa ugali, alikasirika mpaka akafunika sufuria. "Migori imekuharibu," akasema. Nikamwonyesha kipimo, nikamwelezea. Jioni alinichemshia ngege wawili badala ya mmoja.

Kilichonitia hofu zaidi ni wateja. Maneno yale yalikuwa bado ukutani. Nikinyamaza, nawadanganya. Nikisema, nani atasaga? Nilikaa nalo siku kadhaa, kisha siku ya soko nikazima injini foleni ikiwa ndefu, nikasimama juu ya mzani.

"Mama zangu, nina sukari. Na mimi nilikosea. Unga mzima ni mzuri kuliko mweupe, hapo sijabadilisha. Lakini si dawa, na si wa kula mlima. Kuna atakayefaidika na kidogo cha chenga, kuna atakayelazimika kuuacha karibu wote. Sijui wewe ni yupi. Nenda ukapimwe."

Wengine walichukua madebe yao wakaenda mashine nyingine. "Mama Akinyi ameulaani ugali," walisema. Foleni ilikonda wiki mbili, nikaanza kujuta. Kisha mama mmoja akarudi akanong'ona, "Nisagie ya tundu kubwa." Kesho yake wakawa wanne. Mwezi ulipoisha nilikuwa nimenunua chekeche la pili la tundu kubwa, kwa sababu la kwanza halikupata kupumzika!

Baada ya miezi mitatu tulirudi kliniki pamoja, Mwalimu na mimi, kupima kile kipimo kikubwa kinachoonyesha sukari ya miezi yote. Lilian aliomba ruhusa kazini akaja. Sista Nyaboke alitoka na karatasi mbili, akajaribu kukaza uso akashindwa.

"Nyinyi wawili," akasema, "mnakula tofauti kama mbuzi na paka, na wote mmeshuka!"

Mwalimu alinishika mikono tukazunguka pale pale kwenye korido, wagonjwa wakitupigia makofi. Kidonda kilikuwa kimebaki alama tu.

Tukaenda kula hotelini, pale mjini. Mwalimu akaagiza samaki, osuga na ugali wa mtama, akamwonyesha mhudumu ngumi yake kama kipimo. Mimi nikaagiza samaki na osuga, bila ugali. Mhudumu akatuangalia, akaandika kwa wasiwasi. Kisha Lilian, msichana wa samaki na avokado, akajifunika uso na menyu akasema kwa sauti ndogo:

"Mimi chapati tatu. Na soda."

"Lilian!"

"Auntie, safari ilikuwa ndefu. Halafu mimi si mgonjwa."

"Umepimwa lini?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akaiteremsha menyu.

Baba yake alikuwa ameshatoa kile kimashine mfukoni na daftari liko wazi kwenye ukurasa mpya, anaandika jina la binti yake juu kwa herufi nzuri za ubaoni. Lilian akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaanza kucheka. Akainuka akanawa mikono, akarudi, akanyoosha kidole.

Namba yake ilikuwa nzuri. Tukamwachia chapati moja.